Kiti kimoja kwa avenyu tano, karibu na kiwanja ya ndege: tuchague nani?

mwana_wa_kampemba
Jambo kwenu bote. Niko na swali na si ya mucheko. Tunakaa karibu na kiwanja ya ndege hapa L'shi (Lubumbashi), ule upande ndege zinashukaka chini-chini mpaka unasoma namba ku tumbo. Juzi shefu wa avenyu anapita na karatasi, anasema kutakuwa komite ya kusemezana kati ya batu ba kiwanja na batu ba kartie, na sisi avenyu tano tutapata kiti kimoja. Kimoja! Tangu ile siku hatulale. Benye parseli banasema delege lazima akuwe na nyumba yake juu mupangaji anaweza kuhama kesho, bapangaji banasema sisi njo tuko wengi, baba mwalimu anasema lazima mutu wa Kifaransa safi, pastere naye anataka. Na mi pia nilikuwa nataka kidogo, lakini bibi yangu alicheka. Nyie benye mulishaona komite sawa hii, munachaguaka mutu gani? Na ile kiti iko na nguvu ao ni ya kuenda kunywa sukre (soda) tu?

kijana_wa_katuba
Sukre. Mukutano ya kwanza mukubwa anaenda na koti, ya pili anatuma mutoto yake, ya tatu hakuna mutu. Tena bado abiria hawajaamuka, tangu 2009 banalipa Go-Pass, ile taksi ya kila abiria ya kujenga viwanja, nao batauliza kiti yao iko wapi.

birere_ya_zamani
Mimi ni mutu wa Goma, niko hapa miaka ine. Kwetu kiwanja iko ndani ya muji kabisa, ukitoka mwisho wa pisti uko sokoni. 17/01/2002 moto ya mulima Nyiragongo ilishuka ikafunika kipande ya pisti, ndege zikabaki na pisti fupi miaka mingi. 15/04/2008 ndege DC-9 ikashindwa kupanda, ikapita mwisho wa pisti ikaingia Birere, kartie ya soko, batu banauza, batu banapika, na wengi wa benye balikufa ile siku hawakukuwa na tikiti ya ndege. Halafu 24/11/2019 ndege ndogo Dornier ya kuenda Beni inaanguka mu kartie Mapendo, Goma pale pale, juu ya manyumba, haikukuwa hata imekaa hewani. Kwa hiyo ndugu yangu, acha maneno ya Kifaransa. Tuma mutu mwenye analala chini ya njia ya ndege, mwenye atauliza swali moja tu na asitoke mupaka ajibiwe: siku ndege itaanguka kwetu, gari ya kuzima moto itapita avenyu gani, na maji itatoka wapi? Avenyu zingine hata taksi haipite, mulijenga mupaka ku njia. Delege wa mbali ataongea makelele tu.

Mama_Kapenta
Makelele, makelele! Mi nilishazoea, mujukuu wangu ndege haimuamushe, inamuamusha simu. Sisi bamama benye kulima shida yetu ni njia. Mashamba ya mihogo iko ngambo ya kiwanja, na lupango ya kiwanja ikiwa na tundu batu banapita, mi pia nilipita, niseme kweli. Siku moja niko na beseni ku kichwa, mulinzi anapiga filimbi, nilifikiri anaita mwingine, kumbe ndege iko inageuka kule mwisho na mi niko katikati ya majani sawa mbuzi. Nilikimbia beseni ikabaki. Sasa bakiziba lile tundu, na bako na haki ya kuliziba, kuzunguka ni saa nzima, na mvua ya mwezi wa kwanza hiyo saa inakuwa mbili. Nani atasema ile neno mu komite? Pastere? Hata jembe hajui bei yake.
Na tusemane pia sisi kwa sisi. Bitakataka tunatupaka ku lupango, mifupa, matumbo ya samaki, njo inaita ndege za manyoya, na ndege ya manyoya ikiingia mu injini ya ndege ya chuma munajua yenye itafuata. Ile si kosa ya batu ba kiwanja.

yaya_wa_Lyon
Mama, ile ya ndege mbili nimeicheka peke yangu mu treni. Hapa Ufaransa komite sawa hizi ziko, sheria yake ni ya 1985, na viti banagawanya tatu: batu ba kazi ya ndege, batu ba meri na serikali ya mitaa, na mashirika ya benye banaishi karibu. Prefe, mukubwa wa serikali mu jimbo, njo anaongoza. Uingereza nako sheria ya 1982 inaomba viwanja bisemezane na batu ba pale. Angalia vizuri: ile kiti hapa si ya mutu, ni ya shirika. Delege akihama ao akikufa shirika inatuma mwingine, basi palabre yenu ya mwenye nyumba na mupangaji inaisha. Kwetu Kongo sheria ya ASBL (mashirika yenye haitafute faida) ya 2001 iko, tumieni ile. Kuhusu nguvu nisikudanganye, komite inatoa maoni tu, haikate kitu. Lakini ombeni PV, ile karatasi ya maneno yote yenye balisema, ya kila mukutano, na delege aisome kwa Kiswahili mbele ya batu, ndani ya wiki. Akikosa mara mbili, batu bachague mwingine. Ombeni pia musaidizi wake.

kijana_wa_katuba
Yaya, PV ya kusoma kwa Kiswahili hiyo nakubali. Mwalimu atafasiri, njo kazi yake.

mwana_wa_kampemba
Asanti sana. Nimesomea bibi yangu maneno ya Mama Kapenta, ananiambia hata yeye alishapita mu lile tundu, miaka kumi na mbili tuko pamoja sikujua. Anapendekeza mama moja wa avenyu ya tatu, anauza mikate, analima ngambo, na kila mutu eko na deni kwake, kwa hiyo hakuna mwenye atakosa kumusikiliza. Mwalimu akuwe musaidizi. Pastere bado ananuna. Mukutano ni siku ya Mungu kisha kanisa mu lupango ya shefu, na kila mutu akuje na kiti yake, juu shefu naye eko na kimoja tu.