Tupeane uzoefu: mbao za tabaka juu ya zege jipya, tubandike kwa gundi au tuziache zielee?

Mleta mada

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina vyumba vitatu ambavyo zege la sakafu lilimwagwa wiki kumi zilizopita, unene wake sentimita 10, na chini yake tulitandika nailoni nzito. Mbao nimeshanunua: ni zile za tabaka, ambazo juu zina ubao halisi wa milimita 4 na chini zina plaiwudi. Mafundi wawili sasa wananivuta huku na huku. Mmoja anataka kuzibandika kwa gundi sakafu nzima, na mwingine anasema zishikamane zenyewe kwa zenyewe na kuelea juu ya tandiko la sponji, bila kushikwa na zege. Maelezo ya kwenye boksi nimeyasoma. Ninachoomba ni kusikia kwa aliyewahi kuweka sakafu ya namna hii, alichagua njia ipi na ilimwendeaje.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nilibandika kwa gundi, na kosa langu lilikuwa katika kuhesabu siku. Nilikuwa nimesikia kwamba zege hukomaa kwa siku 28, nikasubiri 40 na kujiona mvumilivu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hizo 28 hutumika kupimia nguvu ya zege, wala hazihusiani na kukauka kwake. Makadirio ya kukauka ambayo mafundi wengi huyatumia ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, tena ikiwa jengo limeezekwa, madirisha yamewekwa na hewa inazunguka. Kwa unene wako, ndugu mleta mada, hiyo ni takriban miezi minne.

Sakafu yangu ilipendeza kwa miezi miwili hivi, kisha nikaanza kuhisi kwa nyayo, kabla hata sijaona kwa macho, kwamba kila ubao umeinua kingo zake na kubonyea katikati. Unyevu ulikuwa ukipanda kutoka chini, na upande wa chini wa ubao ulikuwa umevimba kuliko wa juu. Fundi alitaka kupiga msasa siku hiyohiyo. Nashukuru nilimzuia, kwa sababu ukizikwangua kingo wakati ubao bado una maji, siku utakapokauka kingo zitashuka chini zaidi na katikati patabaki kama mgongo. Na kwa mbao zenye milimita chache tu za ubao halisi juu, huna akiba ya kurudia kosa. Tulisubiri karibu mwaka. Sehemu kubwa ilirudi sawa, ila safu tatu za karibu na mlango hazikurudi na tuliziban­dua kwa patasi, kazi ambayo simwombei mtu.

Mchangiaji wa pili

Yangu inaelea. Juu ya zege tulitandaza nailoni ya milimita 0.2, vipande vikapishana sentimita 20 na kuungwa kwa utepe, kisha sponji, kisha mbao. Unyevu haujanisumbua hadi leo. Kinachonisumbua ni sauti: nikipita na viatu, mlio ni wa kitu chenye uwazi chini yake, na katika pembe moja sakafu hudidimia kidogo ninapokanyaga. Kosa la pembe ile ni letu, kwani tulitakiwa kulaza rula ya mita 2 na kusawazisha kila palipozidi tofauti ya milimita 3, nasi tulitegemea macho.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba sakafu inayoelea lazima iachwe itembee. Tuliacha nafasi ya milimita 12 kwenye kuta zote kama inavyotakiwa, halafu tukaweka makabati ya jikoni juu ya mbao. Uzito ule uliigandisha sakafu upande mmoja, na ilipotaka kunywea wakati wa ukavu, viungo vikaachia upande wa pili. Makabati yawekwe kwanza, mbao zifuate.

Mchangiaji wa tatu

Na kupigilia misumari, je?

Mchangiaji wa nne

Misumari haishiki kwenye zege, hivyo utalazimika kuweka kwanza sakafu ya plaiwudi, na kimo kinachoongezeka kitakufanya ukate milango yote. Mimi ni fundi wa sakafu na njia hiyo nimeitumia mara chache.

Kwa mleta mada, ningewaomba mafundi wako wasimamishe ubishi hadi zege lipimwe. Kubandika kipande cha nailoni usiku mmoja na kutazama kama kuna umande kunaweza kukuonyesha zege lililo bichi kabisa, lakini nailoni ikibaki kavu bado hujajua kilichomo ndani. Toboa mashimo hadi asilimia 40 ya unene, kwako ni sentimita 4, weka vipimo vya unyevu, ziba, na usome baada ya saa 24. Kina hicho huchaguliwa kwa sababu kinakaribia hali itakayokuwepo baada ya sakafu kufunikwa na unyevu kusambaa. Watengenezaji wengi wa mbao hawataki kisomo, yaani unyevu wa hewa iliyofungiwa ndani ya shimo, kizidi asilimia 75. Kikizidi, unasubiri, au unapaka kizuizi cha epoksi kabla ya gundi. Nailoni ya sakafu inayoelea nayo isichukuliwe kama ruhusa ya kufunika zege bichi.

Kama utabandika, dondoshea maji juu ya zege kwanza. Yakibaki matone badala ya kunywewa, kuna dawa au uso laini ambao gundi haitaushika, nao lazima usagwe. Wakati wa kazi, inua ubao mmoja mara kwa mara uone kama gundi imeenea mgongoni, kwa kuwa meno ya mwiko wa kutandazia gundi huisha bila fundi kutambua. Gundi iliyodondokea juu ya mbao ifutwe palepale. Ikishakauka, utaing'oa pamoja na vanishi.

Mleta mada

Nashukuru sana. Tumepima mashimo matatu: 84, 86, na 91 karibu na bafu, ambako lipu imepigwa majuzi. Boksi za mbao, ambazo nilikuwa nimezipanga ndani ya vyumba hivyohivyo ili zizoee mazingira, nimezihamishia mahali pakavu. Sebule nataka ibandikwe kwa sababu ya ile sauti, na aliyependekeza turudie vipimo baada ya wiki sita, kabla ya kufungua hata ndoo moja, ni yule fundi wa gundi mwenyewe.