Nzi ninaowafunga mwenyewe trauti hawawataki, nakosea wapi?

UfitoMrefu
Wakuu habari zenu. Nilianza kuvua kwa nzi wa bandia (ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) mwaka jana, nina ufito wa futi 9 wa laini namba 5, yaani ule uzi mnene wa kurushia, kurusha nimeshazoea kiasi japo bado najifungia mafundo hewani bila kukusudia. Nilipokuwa natumia nzi wa kununua mambo yalikuwa yanaenda, siku nikitoka sikosi trauti wawili watatu. Sasa nikajitia ufundi, nikatafuta jiliwa dogo, uzi na manyoya nikaanza kufunga mwenyewe, na tangu hapo nimeenda mtoni mara nne nikarudi mikono mitupu mara zote nne. Nafunga Pheasant Tail na Hare's Ear, mitindo miwili ya nzi wa kuzama, kwenye ndoano namba 14, na kwa kweli nikiwaangalia mezani wanapendeza, wamenona, manyoya ya kutosha, miguu ya kutosha. Juzi maji yalikuwa safi nikamwona trauti kabisa anamfuata nzi wangu hatua moja hivi, halafu akageuka akarudi zake nyuma ya jiwe. Iliniuma.

Jambo la pili wanafumuka. Nikirusha kama mara ishirini uzi unaachia kichwani, nabaki na ndoano tupu. Ni rangi? Ni manyoya? Msaada jamani na msinicheke.

MzeeWaKijito
Umesema wamenona, basi ugonjwa wenyewe umeshautaja. Kabla hujafunga mwingine nenda mtoni bila ufito, ingia maji ya magotini, geuza jiwe uangalie chini yake. Utakuta wale wadudu wachanga wenye mikia miwili mitatu, wengine bapa wamegandia jiwe, na yule anayejijengea nyumba ya kokoto na vijiti. Hakuna hata mmoja aliyenona humo. Ni wembamba kama punje ya mpunga na wengi ni wadogo kuliko hiyo. Sisi tukikaa mezani mkono unakuwa na tamaa, tunaongeza kidogo, tena kidogo, mwisho tunatoa panya.

Huyo Pheasant Tail unayemfunga aliyembuni ni Frank Sawyer, alikuwa mtunza mto Avon kule Uingereza, na yeye hata uzi hakutumia. Waya mwembamba wa shaba na nyuzi chache za mkia wa ndege, basi. Miguu hakuweka kabisa kwa sababu alikuwa ameshawatazama nimfu, ndio hao wadudu wachanga wa majini, wakiogelea akaona wanaibana miguu mwilini. Wewe umeweka miguu ya kutosha haha. Chukua nyuzi nne za unyoya, zizungushe zikiwa zimelala, mkia usizidi urefu wa mwili, achia hapo. Ukiona amekonda mno kiasi cha kumwonea huruma, huyo ndiye.

MamaNdoano
Mimi nijibu hili la kufumuka maana nililia nalo mwaka mzima. Kwanza, uzi gani huo? Kama ni wa cherehani ujue ni mnene mno kwa namba 14, ukizungusha mara chache tu kichwa kimeshajaa, unakosa pa kumalizia. Pili nina hakika unasogea mpaka kwenye tundu la ndoano. Kila anayeanza anafanya hivyo, mimi nilifanya, unaanza nyuma vizuri halafu nafasi inakuishia mbele, unalazimisha fundo juu ya manyoya, lazima liteleze. Acha nafasi kama upana wa tundu lenyewe, tena iache mapema kabla hujafunga chochote, na usiiguse mpaka mwisho.

Fundo la kumalizia ni lile ambalo uzi unajizungukia wenyewe mara nne au tano halafu ncha inavutwa ipite chini ya hiyo mizunguko. Vile vifundo vya kitanzi kimoja kimoja vinashika mezani tu, ukianza kurusha vinaachia. Lowesha uzi, vuta polepole, kisha tone moja la rangi ya kucha isiyo na rangi. Tone moja! Ukijaza tundu utakuja kulilaani huko mtoni vidole vikiwa na baridi. Na uzi uukaze kila mzunguko, ukikukatikia mara mbili tatu ndio utajua mwisho wake uko wapi.

Mkondo_Tu
Nawaheshimu wakubwa ila naona mnamtwisha mzigo nzi peke yake. Nimevua na nzi mbaya sana, nzi wa kuonea aibu, na nimepata. Trauti aliyefuata hatua nzima halafu akageuka huyo alimtaka, kuna kitu kilimshtua mwishoni, na mara nyingi ni mwendo. Laini yako ikilala juu ya maji ya kati yanayokimbia, nzi anaburutwa, anakwenda kasi kuliko povu lililo jirani yake, na mdudu wa kweli habebwi hivyo. Tazama povu, nzi aende nalo sambamba. Laini ikianza kupinda inyanyue uilaze upande wa juu wa mto, rudia kila ikipinda. Pia uzi wa mwisho, ule mwembamba unaofungiwa nzi, unatumia upi? Kwa namba 14 mimi natumia 5X, ule wa milimita 0.15.

Halafu swali, wale nzi wa kununua walikuwa na shanga kichwani?

UfitoMrefu
Walikuwa nayo, shanga ya shaba. Mimi sikuweka niliona kama urembo tu.

Mkondo_Tu
Urembo! Kaka hiyo ndiyo iliyokuwa inakuvulia samaki. Trauti sehemu kubwa ya chakula chake anakipata chini, kile anachookota juu, pale tunapopenda kumpiga picha, ni nyongeza. Nzi wako mnene asiye na uzito, manyoya yamejaa hewa, anapita juu ya vichwa vyao. Weka shanga, au mzungushie waya wa shaba chini ya mwili kabla hujaanza kufunga. Ukiona kila baada ya kurusha mara chache unagusa jiwe, kina kiko sawa. Utapoteza nzi, zoea.

MzeeWaKijito
Hapo kwenye uzito namuunga mkono kijana, Sawyer waya alimwekea hiyo hiyo kazi ya kumzamisha. Ila unene bado ni unene, mnene hata kwa shanga anachelewa kuzama.

UfitoMrefu
Wakuu nimerudi. Kwanza uzi ulikuwa wa cherehani, MamaNdoano umenikamata kutoka mbali. Nilimchana mmoja wa zamani kwa wembe, aisee, manyoya ya sungura niliyotoa humo yangefunga nzi watatu wengine. Nikafunga sita wapya, shanga, waya, nyuzi nne za mkia, wamekonda hadi mke wangu kauliza kama bado sijamaliza.

Leo asubuhi wawili nimewaacha kwenye mawe, mmoja kwenye tawi nyuma yangu maana sikuangalia. Wa nne nikamrusha juu ya jiwe lile lile la juzi, nikawa nanyanyua laini kila ikipinda kama mlivyosema, ikasimama ghafla nikadhani jiwe tena. Trauti, urefu wa kiganja na vidole. Nilikuwa nimeibana ile miba ya ndoano kwa koleo akatoka bila shida, nikalowesha mikono nikamwachia. Nzi hakufumuka hata uzi mmoja.

Sasa nataka kujaribu wale wa kuelea, Elk Hair Caddis na jamaa zake, naanzia wapi?

MamaNdoano
Hongera! Wa kuelea subiri kwanza, manyoya ya elki (mnyama kama kulungu mkubwa) yanazunguka ndoano nzima uzi ukiwa legelege, utafungua uzi mwingine wa malalamiko hapa. Funga wengine kumi na wawili wa shanga kwanza, na picha ya huyo aliyekonda iko wapi?