Ushauri: kifaa gani cha nyumbani kinapunguza kweli bili ya umeme na maji?

Mpangaji_Mpya: Habari zenu wakuu. Nyumba ina friji, birika la umeme, hita ya bafuni, jiko la umeme na taa sita. Uniti zinaisha upesi, na maji nayo yamepanda. Fedha iliyopo inatosha vifaa viwili au vitatu. Nianze na kipi? Na kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachosemekana kuokoa umeme wa nyumba nzima, kinafaa?

FundiWaya: Hicho kidude achana nacho kabisa. Ndani mna kapasita na kitaa. Kapasita inapunguza mkondo usiofanya kazi kwenye waya, lakini mita ya nyumbani haikutozi huo, inahesabu uniti za umeme uliotumika kweli. Inaniuma kuona watu wanatoa hela yao kwa kitu kile.

Nunua kwanza mita ndogo ya kuchomeka, inayokaa kati ya soketi na kifaa. Friji ipime saa 24 kamili, kwa sababu kompresa inawaka na kuzima. Ukisoma baada ya dakika kumi utadanganyika. Angalia kiwango cha juu cha ampea kilichoandikwa kwenye mita, usikivuke.

Hita ya bafuni huwezi kuichomeka hapo, ipigie hesabu: wati mara saa, gawa kwa 1000. Hita ya wati 5000 kwa dakika 10 inakula uniti 0.83. Kwa umeme huohuo taa ya LED ya wati 9 ingewaka saa 92! Pesa inakwenda kwenye joto, mkuu. Kama taa zako bado ni zile za waya wa wati 60, badilisha. Kama ni LED tayari, ziache.

Mama_Jikoni: Kwa jiko, chukua sufuria ya presha. Mvuke ukibanwa, maji yanafika nyuzijoto 120 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva kwa robo saa. Usijaze zaidi ya nusu kwa chochote kinachotoa povu. Povu likiziba tundu la mvuke ni hatari. Presha ikishapanda, punguza moto mpaka mvuke utoke kidogo tu. Wengi wanaacha moto mkali, mvuke unapiga kelele, na nafuu yote inapotelea hapo juu.

Mpangaji_Mpya: Asante dada. Na mvuke ukitokea pembeni ya mfuniko?

Mama_Jikoni: Ni mpira. Utoe, uoshe, utazame kama una punje au ufa. Ukiwa umekauka na kuwa mgumu, nunua mwingine wa modeli ileile. Wa kukaribiana saizi haukazi.

Kama sufuria ya presha ni ghali, kapu lililojazwa nguo kuukuu au pamba linafanya kazi nzuri. Chemsha chakula, funika, kifukie humo moto moto, kiive chenyewe. Maharage mekundu lakini yachemke kwanza jikoni kwa nguvu, dakika 30 ndiyo salama, maana sumu yake ya asili haivunjiki kwa joto la kapu. Kikitoka, kichemshe tena kabla ya kula.

BombaSafi: Upande wa maji, kabla ya kununua chochote tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikishuka kwenye bakuli, mpira wa chini wa tangi unavuja. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linapoteza lita kadhaa kwa siku. Mara nyingi ni washa tu, kile kipete cha mpira ndani ya bomba kinachozuia maji. Funga maji kwanza, fungua kichwa cha bomba, nenda na washa ya zamani dukani upate saizi yake. Mpya ikivuja tena mapema, tatizo ni kikalio chake (pale washa inapokaa) kilicholika, nacho kisuguliwe.

FundiWaya: Nimesahau friji. Bana karatasi mlangoni, ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umelegea. Usikimbilie kununua: ufute kwa maji ya sabuni, kisha pitisha kitambaa cha maji ya moto pale ulipobonyea, funga mlango, rudia jaribio la karatasi kesho yake.