Naomba ushauri: tikiti maji kwa mgonjwa wa kisukari, na namna ya kupika sehemu yake nyeupe

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa lishe, au wenye uzoefu wa jikoni tu.

Mama yangu ana kisukari aina ya 2 na anapenda mno tikiti maji, hasa wakati wa joto. Nami napenda ale, maana zaidi ya asilimia 90 ya tunda hili ni maji, na wekundu wake unatokana na laikopini, ile ile iliyomo kwenye nyanya. Shida ni kwamba linapandisha sukari haraka, ingawa gramu 100 zina wanga kama gramu 8 tu. Juisi tumeiacha kabisa. Sasa anakula vipande vichache baada ya mlo, lakini kipimo hakitabiriki: siku nyingine sukari inatulia, siku nyingine inapanda vilevile. Daktari alimwambia ale "kwa kiasi", na kiasi hicho ndicho kinachonitatiza.

Halafu kuna ile sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda. Inaliwa, ina sitrulini (aina ya asidi amino), na roho inaniuma kuitupa. Nimeikaanga na kitunguu na tangawizi, ikatoa maji mengi na kulegea.

Mnaohudumia wagonjwa wa kisukari, mnawapa tikiti kiasi gani kwa mara moja, na mnaliambatanisha na nini? Karanga zinasaidia? Na hiyo sehemu nyeupe, niitie chumvi kwanza na kuikamua, au inafaa zaidi kwa achari?

Natanguliza shukrani.