Mkono wa kioo na skrubu zilizogoma kwenye mlango wa Hilux ya mwaka 1982

Dereva wa Tanga aliuliza:

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ninayo pikapu ya Toyota Hilux LN40 ya mwaka 1982, yenye injini ya dizeli ya lita 2.2, ambayo ilikuwa ya marehemu baba na ambayo nimeamua kuitengeneza bila kuondoa vitu vyake vya asili. Kioo cha upande wa dereva kimeshuka na hakipandi tena: nikizungusha mkono wa kukipandishia nasikia mashine yake ikikwaruza ndani ya mlango, lakini kioo hakisogei. Ili kuifikia mashine ni lazima nivue ubao wa mlango, na hapo ndipo nilipokwama. Mkono wa kioo hauna skrubu yoyote inayoonekana na nikiuvuta hautoki. Kiegemeo cha mkono kimefungwa kwa skrubu mbili zilizoshika kutu, na moja imeanza kulika kichwa. Fundi wa jirani anashauri tuuchokonoe mkono kwa kipande cha nondo, na ukigoma tuukate kwa grenda. Mimi naogopa, kwa kuwa mkono huu ukivunjika sijui nitapata wapi mwingine unaofanana nao. Naomba mnieleze umefungwaje, na nianzie wapi.

Bodi na Rangi, Mombasa:

Ndugu yangu, mwambie fundi aweke grenda chini. Mkono huo haujang'ang'ania kwa kutu peke yake. Umefungwa kwa klipu ambayo huwezi kuiona ukiwa umekaa kwenye kiti, na hata ukiuvuta kwa nguvu zako zote hautatoka mpaka klipu itoke kwanza. Klipu yenyewe ni waya wa springi wenye umbo la herufi U, ncha zake mbili zikiwa zimekunjwa kidogo kwa nje. Inakaa kwenye shingo ya mkono, upande unaotazama mlango, na inauma mfuo mwembamba uliochongwa kwenye mhimili wenye meno unaotoka kwenye mashine ya kioo. Kati ya mkono na ubao kuna washa pana ya plastiki, na hiyo ndiyo inayoificha.

Bonyeza ubao wa mlango kwa kiganja ili upate nafasi, mulika kwa tochi, utazame ncha za klipu ziko upande gani. Kisha chukua ukanda wa kitambaa cha pamba wenye upana wa vidole viwili hivi, uupitishe kati ya mkono na ile washa (usiupitishe nyuma ya washa, utahangaika bure), halafu ushike ncha zote mbili za kitambaa na uvute kwa zamu, kushoto na kulia, kama anavyofanya mpiga rangi viatu, huku ukielekeza nguvu kutoka upande wa ncha za klipu kwenda upande wake uliofumba. Kitambaa kitazikamata zile ncha zilizokunjwa na kuisukuma klipu nje. Tahadhari moja: ikitoka huruka, kwa hiyo vaa miwani na funika sehemu hiyo kwa kitambaa kingine, la sivyo utaitafuta chini ya kiti mpaka magharibi.

Spea za Kale, Gerezani:

Naunga mkono njia ya kitambaa, ila gari iliyokaa Tanga imekula chumvi ya bahari miaka yote hiyo, na klipu yake inaweza kuwa imeshikana na mfuo kwa kutu. Kabla ya kuvuta, tia matone machache ya mafuta ya kulegeza kutu kwenye shingo ya mkono na uyaache usiku kucha. Chomeka kwanza kipande cha karatasi ngumu nyuma ya washa ili mafuta yasiingie kwenye ubao, kwa sababu ubao wa milango hii ni hadibodi iliyovikwa ngozi ya plastiki, na hadibodi ikishanyonya mafuta au maji huvimba na hairudi tena katika umbo lake. Kipo pia kifaa maalumu cha kazi hii, bapa lenye mdomo wa pacha linalosukuma ncha zote mbili za klipu kwa pamoja. Ukikiona, kinunue, hakina gharama kubwa.

Kuhusu skrubu, nadhani tatizo lako lilianza kwenye bisibisi kabla ya kutu. Skrubu za nyota za gari za Kijapani za enzi hizo zilichongwa kwa kipimo cha Japani, yaani JIS, ilhali bisibisi nyingi za nyota zinazouzwa madukani ni za Phillips. Kwa macho zinafanana, lakini ncha ya Phillips haizami vizuri ndani ya skrubu ya JIS, na ukikaza mkono hupanda juu na kula kichwa. Mara nyingi skrubu ya JIS ina kidoa kimoja kidogo kilichopigwa juu ya kichwa chake. Safisha kutu kwa brashi ya waya uone. Tafuta bisibisi ya JIS, namba 2 au namba 3 kulingana na kichwa, uigonge kwa nyundo kidogo ili izame, kisha uizungushe kwanza kidogo upande wa kukaza ndipo urudi upande wa kulegeza.

Mzee wa Kolomero:

Mimi hutumia joto, na skrubu iliyolika kichwa hulegea mapema kuliko kwa mafuta peke yake.

Bodi na Rangi, Mombasa:

Kwa heshima zote, mzee wangu, joto la aina gani? Moto wa gesi karibu na ngozi ya plastiki na rangi ya asili utaharibu kitu ambacho mwenye gari anajaribu kukiokoa. Ikibidi kutumia joto, basi liwe la kichomeo cha risasi cha mafundi redio, kilichogusishwa kwenye kichwa cha skrubu peke yake. Hata bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka yenyewe kwa pigo zito la nyundo, siipendelei hapa, kwa maana nyuma ya skrubu hakuna chuma kinene cha kupokea pigo. Ni bati jembamba la mlango, nalo litabonyea.

Skrubu iliyokwisha kulika kabisa naitoboa kichwa, kwa drili yenye unene unaozidi kidogo shina la skrubu. Kichwa kikidondoka, kiegemeo kinatoka chenyewe na shina linabaki limechomoza kwenye bati, ambapo unaweza kulikamata kwa vaisi gripu, yaani koleo la kujifunga, na kulizungusha taratibu.

Mzee wa Kolomero:

Nilimaanisha hicho hicho kichomeo cha risasi, kijana wangu. Sijawahi kupeleka moto ndani ya gari ya mtu.

Dereva wa Tanga:

Nawashukuru sana. Klipu imetoka kwa kitambaa baada ya kulala na mafuta, na skrubu moja imekubali bisibisi ya JIS. Ya pili nimeitoboa kama nilivyoelekezwa. Sasa nimekuta nyuma ya ubao karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, imechanika pembeni. Je, niitupe? Na je, mashine ya kioo naweza kuifungua moja kwa moja?

Spea za Kale, Gerezani:

Usiitupe. Mvua inayoteremka kwenye kioo huingia ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia maji hayo yasifike kwenye hadibodi. Ikiwa imechanika, kata mpya kwa kipimo cha hiyo ya zamani, na uyazibue matundu ya chini kwa waya.

Mashine usiikimbilie. Pandisha kioo kwa mikono mpaka juu na ukizuie kwa kabari mbili au utepe wa karatasi wenye gundi, maana boliti zikitoka hakitakuwa na kitu cha kukishikilia. Boliti za mashine ni za spana namba 10. Ile springi nene iliyojiviringa kwenye mashine ina nguvu nyingi: mkono wa mashine ukiachiwa ghafla unaweza kukuvunja kidole, kwa hiyo usiiguse mpaka umeubana kwanza mkono huo usisogee. Tazama meno ya kipande chenye umbo la upepeo, na tazama kama gurudumu dogo limetoka kwenye reli iliyo chini ya kioo, kwa sababu mojawapo ya hayo mawili ndiyo huleta mkwaruzo uliousikia.

Wakati wa kurudisha, klipu inaanza kuwekwa kwenye mkono, si kwenye mhimili. Funga kioo mpaka juu, linganisha mkono na ule wa mlango wa abiria ili ukae pembe ileile, kisha upige kwa kiganja mara moja mpaka usikie klipu ikiingia mahali pake.