Kutembea kwa miguu msituni Rubondo: tujiandae vipi kutoka Mwanza?

Mwalimu wa Nyegezi

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Sisi ni walimu wachache wa hapa Mwanza, na tunakusudia kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo wakati wa likizo ili tutembee msituni kwa miguu. Mwenzetu mmoja anadai kwamba, kwa kuwa kisiwani hakuna simba wala chui, tunaweza kufuata njia wenyewe bila kiongozi. Je, ni kweli? Na safari yenyewe tuipangeje?

Mzee wa Nkome

Marahaba, mwalimu. Kuhusu simba na chui amesema kweli, ila amewasahau tembo waliopelekwa kisiwani na binadamu, pamoja na mamba na viboko ambao ni wenyeji wa fukwe hizo, na kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini hamsubiri mtu ajieleze. Mtatembea na askari wa hifadhi mwenye silaha, na hilo halina mjadala.

Tangu Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hamna haja ya kusubiri kivuko. Mtapita Sengerema na Geita hadi Nkome, kisha mtapanda boti, ambayo ni vyema muiagize mapema kupitia hifadhi. Kila abiria avae jaketi okozi. Msipange kurudi siku moja tu kabla ya shule kufunguliwa, kwa sababu ziwa likichafuka boti haiondoki, hata mkiwa na haraka kiasi gani.

Mpenda Mbega

Naomba niongeze machache. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, kwani mbung'o huvutwa na rangi hizo, na huuma hata juu ya shati jepesi. Mwenye mafua asiende kuwatafuta sokwe, maana maradhi ya njia ya hewa huwaambukiza kwa urahisi.

Sokwe hao wana historia ya pekee: waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya, wengine wakiwa wametoka kwenye bustani za wanyama, wakaachiwa msituni wajitafutie chakula bila kufunzwa, nao wakazaliana. Hata hivyo, msitu ni mkubwa na mnene, hivyo mnaweza kutembea kutwa mkaambulia viota vyao tu. Mimi binafsi humpa nzohe nafasi ya kwanza. Ni mnyama wa asili wa kisiwa, mwenye kwato ndefu zilizotanuka zinazomwezesha kupita kwenye matope ya kinamasi.

Mwalimu wa Nyegezi

Nashukuru sana, mzee wangu na ndugu yangu. Na wale watakaopata siku moja tu?

Mzee wa Nkome

Hao waende Saanane, iliyo hapo hapo jijini na ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Wataparamia miamba zaidi ya kupita msituni, lakini jioni watalala kwao.