Kadi ya dishi kwenye Linux: chaneli zinapotea usiku

mtoto_wa_muscat:
Wakuu habari za jioni. Niko Muscat, nimepata kadi ya mtumba TeVii S470 nikaichomeka kwenye kompyuta ya zamani yenye Ubuntu 22.04, shida yangu ni kuangalia na kurekodi chaneli za bure za setilaiti ya Badr, nyuzi 26 mashariki maana risiva iko sebuleni na sebule ni ya bi mkubwa na tamthilia zake. Mwanzo iligoma, signo sifuri, kucheki dmesg (ripoti za mfumo) nakuta inaililia dvb-fe-ds3000.fw, faili la programu ya ndani ya kadi, nikaitafuta nikaitupia /lib/firmware, nikawasha upya ikakubali. Sasa Tvheadend (programu ya kuangalia na kurekodi TV) inapata chaneli ila kuna kituko, asubuhi ziko karibu zote, usiku nusu hazipo kabisa. Nikiweka irekodi usiku naamka na faili tupu. Nimebadilisha keneli (kiini cha Linux) mara 2, bado kidogo nirudi Windows. Kadi imekufa au ni joto la huku?

chuma_chakavu:
Si ununue tu risiva ya pili ulale

fundi_dishi:
Huyo achana naye. Linux inaielewa DVB-S2 (mfumo mpya wa matangazo ya dishi, DVB-S ndo wa zamani) toka keneli 2.6.28 ya mwaka 2008, na draiva ya hiyo kadi (cx23885) imo humo humo, kwa hiyo acha kuhangaika na keneli. Niambie, waya wa kwenye kadi unatoka moja kwa moja kwenye LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi) au umeugawa? Na hizo zinazopotea ni za V (mawimbi ya wima) au za H (ya mlalo)?

mtoto_wa_muscat:
Nimeugawa, kuna kisplita nyuma ya risiva. Ngoja nicheki... duh, zinazopotea zote V. Umejuaje?

fundi_dishi:
Bi mkubwa ndo anakuzimia hapo 😂 LNB yako ina mdomo mmoja na inapokea amri kwa huo huo waya: ikipewa volti 13 inakupa V, ikipewa 18 inakupa H, ikisikia na mlio wa 22 kHz inahamia bendi ya juu, zile za kuanzia 11700 MHz. Sasa yeye yuko kwenye tamthilia ya H risiva inapeleka 18, kadi yako huku inaomba 13, kwenye waya mmoja 18 ndo inashinda. Asubuhi risiva imezimwa ndo maana unajiona mfalme. Jaribu kuichomoa ukutani usiku, sio kwa rimoti, zipo risiva zinaendelea kupeleka volti hata zikiwa zimelala. V zikirudi tafuta LNB ya midomo miwili, vuta waya wa pili mpaka kwenye kadi, hicho kisplita tupa.

dada_taminali:
Fundi kamaliza. Naongezea tu kwenye Tvheadend pitia muxi zako (masafa yanayobeba chaneli), kuna nyingine zinakaa DVB-S wakati HD nyingi ni DVB-S2 na 8PSK (namna ya kupakia data kwenye mawimbi), ukiacha hivyo haishiki hata dishi likae sawa vipi. Na mtu akikimbia ukaona mistari kama meno ya kitana, hiyo ni 1080i (picha inayotumwa nusu nusu ya mistari), kwenye VLC bonyeza D.

wa_temeke:
Kwahiyo nikinunua hiyo kadi huku Dar napata Azam bure?

dada_taminali:
Hapana, zile zimefungwa. Kadi inapokea mawimbi tu, kufungua haifungui, na S470 haina hata tundu la kuchomekea CAM, kile kifaa cha kufungulia chaneli za kulipia.

mtoto_wa_muscat:
Mrejesho. Nilichomoa risiva, V zikarudi hapo hapo, nikapigiwa kelele mpaka jirani akasikia. Ijumaa nikapanda juu saa 11 alfajiri kabla bati halijawa kikaango, nimefunga LNB ya midomo miwili na waya mpya. Jana usiku Oman TV HD imerekodi masaa 2, gigi 7, haijakatika hata mara moja na bi mkubwa yuko sebuleni anaangalia zake. Tatizo sasa kaona, anataka nimrekodie na tamthilia, nikiweka zote mbili moja inagoma.

fundi_dishi:
Hiyo kadi ina tuna moja (kishika masafa), inakaa kwenye transponda moja kwa wakati, yaani masafa mamoja yenye chaneli kadhaa. Chaneli za transponda moja rekodi hata 4, ila yake ikiwa kwenye nyingine itabidi mmoja wenu asubiri. Na tushajua nani.